Meli Mpya Ina Nafasi

Ujumbe wa sauti uliingia wakati Mama Pasi akiosha vyombo uani, mikono imejaa povu, kwa hiyo akamwambia binti yake aufungue tu palepale. Binti akaufungua, na kwa kuwa simu ile haikujua kunong'ona, uani kote wakasikia.

"Mke wangu, hii meli si mchezo," sauti ya mumewe ilisema. "Ina nafasi mpaka unapotea. Ile ya kwanza niliyoanzia kazi, ukiiingiza humu ndani unaifanya stoo ya viti. Ile ya pili, ile tuliyokuwa tukiiita kubwa, watu walikuwa wanakanyagana kwenye ngazi kama wametoka uwanjani. Humu kila mgeni ana kibaraza chake cha kutazamia maji. Nafasi, mke wangu. Nafasi tupu."

Wanawake waliokuwa bombani wakaacha ndoo zifurike. Nyumba ile ilikuwa ya wapangaji, kila chumba na familia yake, bomba moja, choo kimoja, na uani pale neno nafasi halikuwa na maana mbili. Nafasi ya mahali hakuna aliyewahi kuwa nayo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuitaja. Nafasi ni ya kazi. Jirani wa chumba cha kona, ambaye mwanawe alikuwa amemaliza masomo na sasa anamaliza soli za viatu kwa kuzunguka maofisini, alijifuta mikono akasema taratibu, "Jirani, usije ukatusahau."

Mtaani mume wa Mama Pasi walimwita Baharia, ingawa hakuwahi kushika kamba wala usukani. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda kwenye meli za watalii. Akija likizo hukaa kwa kinyozi kutwa nzima akilinganisha meli moja na nyingine kama wengine wanavyolinganisha timu za mpira: ipi ina korido pana, ipi wageni wanapanga foleni ya chakula, ipi bwawa lake la kuogelea ukiingia unatoka na jasho la mwenzako. Watu walimsikiliza kwa raha. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe analala wapi huko.

Mama Pasi alikausha mikono, akaichukua simu, akaingia nayo chumbani. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa mlangoni alilala mama mkwe wake na binti, upande wa ndani alilala yeye, pamoja na masanduku, sufuria, na kila kitu ambacho hakikuwa na kwao. Mumewe akirudi ilibidi godoro la binti lisogezwe mpaka miguu yake iingie chini ya meza. Alibonyeza simu akamuuliza mumewe, kwa sauti ya chini safari hii, kama katika hizo nafasi na yeye yumo.

Jibu lilikuja kesho yake. "Meli ina nafasi, mke wangu. Wewe subiri ifike bandarini."

Bibi, mama yake Baharia, alikuwa kitandani anachambua mchele. Aliuliza mwanawe amesema nafasi gani hasa.

"Mama, nafasi ni nafasi," Mama Pasi akajibu, huku anatafuta viatu.

*

Baharia hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana mbele litakuwa gumu kusemwa.

Alipousikiliza ujumbe wa mkewe alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha juu, chumba cha chini kabisa cha meli, pua karibu na dari. Asubuhi ile waliitwa, watandika vitanda wote, wakaelezwa kwa picha za rangi jinsi meli mpya ilivyozipita meli dada zake. Vyumba vya wageni vipana zaidi. Vibaraza. Korido ambazo watu wawili wenye masanduku wanapishana bila kuombana radhi. Kisha, kwa sauti ileile ya furaha, wakaelezwa kwamba mahali pale pote palipatikana kwa kuwabana wafanyakazi: waliokuwa wakilala wawili sasa wanalala wanne, na kazi ya watu wawili sasa anaifanya mmoja, kwa hiyo nusu yao hawataendelea. Yeye alikuwa katika nusu hiyo. Angebaki mpaka siku ya majaribio, halafu basi.

Aliusikiliza ujumbe wa mkewe mara kadhaa. Alitafuta uongo wa kumtuliza, akaukosa, akaishia kuona kwamba ukweli wenyewe, ukikatwa vizuri, unafaa zaidi. Meli ina nafasi. Si kweli? Hata mwenye meli angeapa.

*

Kuacha kazi kuna namna yake. Watu huaga, hushukuru, huacha mlango wazi hata kama hawana mpango wa kurudi. Mama Pasi hakuaga, alijitangaza.

Alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye hoteli moja kubwa, miaka mingi, na jina lake lilitokana na kazi hiyo. Msimamizi wao alikuwa mwanamke mnene mpole aliyeshika funguo za stoo ya mashuka, nao walimwita Mama Funguo. Mama Pasi alimkuta mbele ya wenzake wote akamwambia amepata nafasi melini, na kwamba kuanzia kesho mashuka yao watayanyoosha wenyewe, hata kwa kuyalalia wakitaka. Wenzake walicheka. Mama Funguo naye alicheka, kidogo, akasema Mungu akutangulie. Mchana uleule Mama Pasi akaenda kufuatilia pasipoti.

Kwa majuma machache aliishi vizuri sana. Jirani wa kona alimletea matunda. Fundi cherehani wa mtaani alimshonea sketi nyeusi ya kuanzia kazi, akisema atalipwa meli ikitia nanga. Binti akaambiwa na wenzake shuleni kwamba yeye sasa ni wa meli, asije akajisahau. Bibi peke yake ndiye hakuchangamka. Kila Baharia alipopiga simu, bibi alimuuliza hali ya afya yake mara mbili, na mara ya pili aliibana simu sikioni akisikiliza namna anavyopumua.

*

Meli ilipofika ilifunika majengo ya forodha. Kabla ya kupakia wageni wenye tiketi, kampuni ilitaka kujua kama watu wataenea kweli, kwa hiyo ikawaalika jamaa za wafanyakazi waje kuijaza siku nzima. Wakafungwa vikuku vya plastiki mkononi, wakasimamishwa kwenye ukumbi wa zulia, na kijana mwenye kipaza sauti akawaeleza kazi yao: kuleni kwa pamoja, pandeni lifti kwa pamoja, tembeeni, na mkibanwa mahali popote semeni.

"Yaani tumeitwa tuje tubanane?" bibi akauliza.

"Waone kama tunabanana, bibi," binti akamweleza.

"Wangekuja kwetu tu. Wasingepata gharama ya chuma chote hiki."

Baharia aliwapokea akiwa na sare, shati limenyooka, uso umekonda. Mama Pasi alikuwa na sketi yake nyeusi na blauzi nyeupe, na kwa mbali mtu angedhani ndiye mwenyeji na mumewe ndiye mgeni. Alimwuliza mkubwa wake yuko wapi. Baharia akasema kwanza waone chumba.

Aliwaingiza kwenye chumba cha wageni, na humo akarudi kuwa yule wa kwa kinyozi. Meli ya kwanza, alisema, ilibidi upande kitandani kwa goti ndipo uchomeke shuka upande wa ukutani. Ya pili ulipita, ila kwa ubavu. Hapa unakizunguka kitanda chote unatembea kama bwana harusi. Akakizunguka kuwaonyesha. Bibi alivua viatu, akalala katikati ya kitanda, akanyoosha mikono na miguu, akawa hafiki pembeni popote. Binti alisimama bafuni akafungua mikono, akaita mama yake aje aone kwamba hagusi ukuta. Mama Pasi hakwenda. Alikuwa anatazama shuka. Lilipigwa pasi vibaya, lina mkunjo wa mlazo, akajisemea moyoni kwamba ni kweli humu wana shida ya watu.

Wakati wa chakula walitoka, na hapo ndipo ile nafasi ilipokwisha. Kila aliyekuwa ametawanyika katika vyumba na vibaraza alitaka sahani saa ileile. Lifti zilifunguka zimejaa, zikafungwa zimejaa. Mtoto wa mtu alilia kwapani mwa mtu mwingine. Baharia aliwaeleza, akiinua sauti, kwamba hata meli ya pili ilikuwa hivihivi, tofauti ni kwamba ile walibanana wachache na hii wanabanana wengi, na kwenye karatasi hesabu inaonyesha kila mtu ana eneo kubwa kuliko zamani, sababu wanahesabu mpaka paa.

"Wakikaa vyumbani nafasi ipo," bibi akasema, "wakitoka haipo. Sasa si wangewafungia?"

Baharia alicheka. Alipogeuka, mkewe hakuwapo.

*

Mkubwa wa vyumba alikuwa mwanamke wa makamo, shati jeupe, kalamu sikioni, mtu aliyechoka kwa adabu. Mama Pasi alimkuta amesimama penye ngazi akiwauliza watu maoni yao. Alimsalimu, akajitambulisha kuwa ni mke wa mtandika vitanda fulani, yule wanayemwita Baharia, na mkubwa akatabasamu kwa kumjua.

"Nimekuja kwa ajili ya ile nafasi," Mama Pasi akasema.

"Vizuri, ndicho tulichowaitia. Umeionaje?"

Mama Pasi hakulitarajia swali hilo. "Nimeipenda. Hata kama ni ndogo, mimi naanza nayo."

"Umeiona ndogo?" Mkubwa akashtuka, akachomoa kalamu. "Wapi hasa? Chumbani au kwenye korido?"

"Popote mtakaponiweka, dada. Sichagui."

"Wewe mwenyewe unahitaji kiasi gani ili uwe huru?"

"Mimi ya kunitosha mimi na mume wangu tuwe pamoja. Siombi ya mkubwa."

Mkubwa alikuwa ameanza kuandika. Akaacha. Aliitazama sketi nyeusi, mkunjo wake ulionyooka kama umechorwa kwa rula, viatu vilivyopakwa rangi, bahasha ya vyeti chini ya kwapa, na uso wake ukabadilika polepole.

"Mama," alisema, "wewe unazungumzia kazi."

"Kwani wewe unazungumzia nini?"

Wakatazamana. Watu waliwapita wakishuka ngazi, wanacheka, wana sahani mikononi. Mkubwa akamvuta pembeni, kwenye mlango wa stoo, akamweleza kwa upole kwamba vyumbani hakuna kazi, zimepunguzwa, na mumewe alikwisha kuambiwa tangu kule meli ilikoundwa kwamba leo ndiyo mwisho wake. Akauliza, "Hakukwambia?"

Mama Pasi aliibana bahasha kwapani. Akasema, "Aliniambia. Nilitaka tu kuhakikisha."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku ile, na aliusema kwa ajili ya mume wake, ingawa wakati huo alikuwa na hamu ya kumsaga kwa meno. Mkubwa alielewa. Labda ndiyo maana aliuliza vyeti vile ni vya nini, na aliposikia pasi, akafikiri kidogo. Chini kwenye pasi, alisema, ndiko watu hawakai. Joto. Wawili wamekwisha kukimbia kabla meli haijaanza safari. Kama ana pasipoti na daktari akimpitisha, jina lake anaweza kulipeleka, lakini ni lake peke yake, kitanda kimoja, mkataba mrefu. Afikiri.

*

Alimwambia mumewe ampeleke anakolala. Baharia alimtazama mara moja akajua, na hakubisha. Waliwaacha binti na bibi mezani wakashuka, na kadiri walivyoshuka zulia likaisha, rangi ya kuta ikaisha, na sauti ya mashine ikaingia miguuni. Chumba kilikuwa na vitanda vinne, viwili juu ya viwili, na katikati mahali pa mtu mmoja kusimama. Kwa hiyo mmoja wao ilibidi akae. Baharia akakaa.

"Meli ya kwanza tulilala wawili," alisema, kama aliyezoea kuanzia hapo. "Tulikuwa na kidirisha."

"Sikukuuliza meli ya kwanza."

"Nilisema meli ina nafasi," akasema, bila kumtazama. "Sikusema ina kazi."

Mama Pasi aliegemea mlango. "Rudia," akasema. Hakurudia. "Rudia, twende ukamwambie na mama yako vilevile."

"Wewe simu zangu unazifungulia uani. Ningesema nimeachishwa, ningewasemea watu wangapi? Ningerudi kupita wapi?"

"Kwa hiyo nimeacha kazi ili wewe upate pa kupita."

"Sikujua utaacha kazi."

"Ulijua nitasikia nini." Sauti yake haikupanda. "Ungenidanganya ningekusamehe, nakwambia kweli. Mtu hudanganya kwa hofu, neno linamtoka hata yeye halijui. Wewe ulikaa ukachagua. Ulilitafuta neno ambalo nikilalamika utaniambia sikusikia vizuri."

Baharia alishika kichwa. Alitaka kusema kwamba alimpenda na kwamba aliona haya, na yote mawili yalikuwa kweli, lakini chumba kilikuwa kidogo mno kwa maneno makubwa na mwenzake mmoja alikuwa amelala kitanda cha chini, amejifunika shuka mpaka usoni, akijifanya hasikii.

*

Kabla ya kuikubali kazi ya melini, Mama Pasi alirudi hotelini. Bahasha ilikuwa ileile, sketi ileile. Mama Funguo hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alimwacha amesimama mlangoni, akamaliza kukunja aliyokuwa akikunja, akamuuliza kwa upole habari za melini, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine za mwisho. Wenzake wa zamani waliinamia pasi zao. Msichana mgeni alikuwa kwenye meza ya Mama Pasi, anashika shuka kwa ncha kama anashika panya.

"Nafasi yako ina mtu, dada," Mama Funguo akasema. "Lakini wewe si umepata kubwa zaidi?"

Akasema ndiyo, amepata. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa daktari.

Aliondoka siku ya jua kali. Uani walimsindikiza kwa shangwe, maana yeye wala mumewe hawakuwa wamefungua mdomo, na wao waliamini mume amemtafutia mkewe nafasi na sasa amepumzika kidogo kama wanavyopumzika watu waliofanikiwa. Bibi alimshika mkono mlangoni asiuachie. Alimwambia, "Mwanangu, nilimsikia anavyopumua. Ningesema." Mama Pasi akamjibu kwamba hata angesema, yeye asingesikia, alikuwa anatafuta viatu. Na Baharia alibeba sanduku mpaka geti la bandari, ambapo mlinzi alimzuia kwa mkono akamwambia wasio na kazi humo wasipite.

*

Ujumbe wa sauti ulikuja baada ya meli kuondoka, majuma kadhaa. Baharia alikuwa anaosha vyombo uani, kazi ambayo sasa ilikuwa yake pamoja na nyingine nyingi. Mikono imejaa povu. Kabla hajasema lolote, binti alikwisha kuufungua.

"Hamjambo nyote," sauti ya Mama Pasi ilisema, na nyuma yake palisikika kitu kinavuma bila kupumua. "Mimi mzima. Bibi, ule mguu uukande kila siku. Mwanangu, soma. Baba yake, wamenipa kitanda cha juu, kile cha kona, unakijua. Meli ina nafasi."

Ukaisha hapo. Wanawake bombani wakapiga vigelegele. Fundi cherehani, aliyekuwa amekuja kuulizia pesa ya sketi, alisema moyo umetulia, atasubiri. Binti akauliza mama atarudi lini, akajibiwa na watu watatu kwa pamoja, kila mmoja na jibu lake.

Baharia alikijua kitanda kile. Bomba la maji ya moto linapita juu yake, na ukilala lazima uchague ni shavu lipi lipate joto. Huwezi kukaa. Huwezi kugeuka bila kujishusha kwanza. Alikuwa amekilalia mpaka siku ya mwisho, na juu yake ndiko alikotafuta neno la kumwambia mkewe, na sasa mkewe amelikuta hukohuko, amelitumia kama lilivyo, mbele ya uani mzima, akijua ni nani mmoja tu atakayelielewa.

Jirani wa kona alisogea mpaka karibu na beseni. Mwanawe alikuwa bado anazunguka. Aliuliza kwa kunong'ona, kwa heshima zote, hizo nafasi zilizoko huko ni nafasi gani hasa, na kama Baharia anaweza kumsemea kijana.

Bibi alikuwa mlangoni anamtazama mwanawe. Baharia aliinua kikombe, akakisuuza, ingawa kilikuwa safi.

"Nafasi ni nafasi," akasema, akakifudikiza kikombe juu ya vingine.